Pepo Aliyedai Cheti

Mimi nauza mabati Tandika, na kwa muuza mabati maisha yote ni kuhakikisha cha juu kinabaki juu na cha chini kinabaki chini. Ndiyo maana nilipoambiwa kwamba mdogo wangu Najma anatafuta mtu wa kumfundisha kurusha ndege kichwa chini miguu juu, na kwamba mtu huyo lazima awe na kibali cha kufundisha upuuzi huo, na kwamba mwisho wake mwanafunzi anapewa cheti, nilicheka mpaka nikakohoa. Najma hakucheka. Alinitazama tu, mikono yake kaificha kwapani.

Najma ni rubani. Nalisema kwa majivuno na nitalisema tena nikipata nafasi. Kwa miaka kadhaa alikuwa akipeleka watalii visiwani kwa ndege ndogo ya injini moja, na mimi nilikuwa nasimama dukani nikisikia ndege yoyote nawaambia wateja huyo ni wa kwetu. Mwaka huu, akikaribia kutua Dar, alipita kwenye upepo ulioachwa nyuma na ndege kubwa. Ndege yake ikalala ubavu, bawa moja likaelekea ardhini, na kwa kitambo hakujua juu ni wapi. Akaiweka sawa, akatua salama. Abiria wakampigia makofi, wakidhani ni sehemu ya matembezi. Alipoteremka mikono ikaanza kutetemeka, na kila alipokaa tena mbele ya usukani ikatetemeka vile vile.

Bosi wake, Bwana Eliaichi, hakumfukuza. Alimwambia akatafute mafunzo ya sarakasi za angani, daraja la awali tu: kupiga kitanzi, kubiringika, kuiacha ndege izunguke kama pia halafu kuitoa. Rubani akishapinduliwa kwa makusudi na akajinasua mwenyewe, alisema, upepo wa bahati mbaya haumtishi tena. Akirudi na cheti atapewa ndege yake. Asiporudi nacho atabaki mapokezi kupima mabegi ya abiria. Basi Najma akawa anapima mabegi, anarudi nyumbani, hali vizuri, halali vizuri, na mimi moyo unaniuma kumwona.

Mama yetu, Bi Mwamvita, aliisikiliza habari yote hadi mwisho, kisha akakataa. Kuruka alisharidhia, tena kwa shingo upande. Kuruka kichwa chini hajaona hata kunguru akifanya, na kunguru ni mwehu. Radhi hatoi. Kwa sisi watu wa pwani neno hilo likishatoka kwa mama, mazungumzo yamekwisha. Najma ni mtu mzima mwenye leseni, hakuna sheria inayomdai ruhusa ya mama yake, lakini bila radhi asingepanda hata kochi.

Akafanya alichoweza. Marubani wa sarakasi, kabla ya kupanda, huzipitia kwanza ardhini kwa miguu ili mwili uzikariri: mkono mmoja unakuwa ndege, macho nusu yamefumba, kichwa kinalala kufuata bawa, miguu inageuka na kurudi. Najma aliyaona hayo kwenye simu, akaanza kuyafanya uani kwetu kila akitoka kazini, kati ya kamba ya nguo na pipa la maji. Anainua mkono, anaulaza, anazunguka kwa kisigino, anainama mpaka nywele zinagusa sakafu, anapumua kwa kishindo, anataja namba. Ukimwita haitiki.

Mpangaji wetu Editha, mwanamke wa Mbozi, mlokole wa kutupwa, ndiye aliyemwona wa kwanza. Akaja kwa mama na mwiko bado mkononi, akasema dada yetu ana kitu, na kanisani kwao wapo wazee wa maombi wasiochoka. Mama akamshukuru sana. Editha alipotoka tu, mama akapiga simu Kigamboni kwa Bi Rukaiya.

Bi Rukaiya ni fundi wa kupunga pepo. Anakuja na ngoma, ubani na watu wake wa kuimba, anakaa na mgonjwa, anayeitwa kiti, mpaka pepo apande kichwani na kuzungumza. Hapo huulizwa ni nani, katoka wapi, anataka nini. Akishasema anachotaka anapewa, anatulia, na kiti anapona. Mimi mwenyewe siamini mambo hayo, na imamu wetu ananiunga mkono, lakini baba ametangulia mbele ya haki, na mwanaume wa nyumba ndiye anayezungumza na pepo kwa niaba ya ukoo. Mwanaume wa nyumba ni mimi. Nilifunga duka mapema siku hiyo, nikavaa kanzu, nikajiona mjinga kabisa.

Ngoma ilianza baada ya alasiri. Uani palijaa. Najma aliketishwa kwenye mkeka, akafunikwa kaniki, akafukizwa ubani, na mwanzoni alikuwa akinitazama mimi kwa hasira kana kwamba ni mimi niliyemwita Bi Rukaiya. Ngoma zikakolea. Sijui ilikuwaje. Nilimwona anafumba macho, mkono ukainuka wenyewe, ukalala, kichwa kikaufuata, na wale wanawake wakapiga vigelegele. Bi Rukaiya akanisukuma mbele.

Nikamsalimu mgeni kwa adabu, nikamwuliza anataka nini.

"Nataka kupinduliwa," ikasema sauti nzito kutoka ndani ya kaniki.

"Upinduliwe wapi, Bwana Mkubwa?"

"Hewani. Kichwa chini. Na mtu mwenye cheti."

Bi Rukaiya amezungumza na pepo wa Rufiji, wa Pemba, wa Kihabeshi, amewahi kuzungumza na mmoja aliyetaka kuvua viatu vya watu msibani, lakini huyu hakuwa na kabila analolijua. Akaninong'oneza nipatane naye, maana pepo ni wa kupatana naye. Nikaanza. Nilimtajia mbuzi mweusi, akakataa. Marashi, akakataa. Nilimtajia bembea kubwa ya watoto inayokuja sikukuu Mbagala, ile inayokwenda juu kabisa, na kwamba ningeongea na mwenyewe aisukume kwa nguvu. Akauliza kama mwenye bembea ana cheti. Nikasema sina hakika. Wale wanawake wakatikisa vichwa kunilaumu, kana kwamba ni mimi niliyetaka kumdhulumu.

Mwisho nikaahidi. Mwanaume wa nyumba akishaahidi imekwisha, na pepo aliyeahidiwa akanyimwa humvunja kiti wake. Mama alikuwa amekaa karibu na mlango wa jikoni, uso hauonyeshi kitu. Akasema kwa pepo hana neno, pepo hanyimwi, radhi yake anayo. Kisha akanigeukia, akasema niliyeahidi ni mimi, kwa hiyo nikatafute.

Hivyo ndivyo mimi, ambaye napata kizunguzungu nikipanda paa la mteja, nilivyoanza kutafuta mwalimu wa sarakasi za angani.

Nilianzia kwenye chuo cha urubani karibu na uwanja wa ndege. Mapokezi alikuwepo dada mmoja Mhaya, Kokuberwa, mpole, miwani imeshuka puani. Akaniuliza mwanafunzi ni mimi. Nikasema ni mdogo wangu. Akauliza kama mdogo wangu ndiye anayetaka mafunzo. Nikasema hapana, anayetaka ni mwingine, ila atakuja na mwili wa mdogo wangu. Kokuberwa akaivua miwani. Alinieleza kwamba wao wanafundisha watu kwenda moja kwa moja, na masomo yao yote, ukiyatazama vizuri, ni ya namna ya kutopinduka. Wafundishao kupinduka anaowajua yeye wako nje ya nchi. Nikamwachia namba yangu.

Habari ya nje ya nchi nilipoifikisha nyumbani, Bi Rukaiya aliikataa kabla mama hajafungua mdomo. Pepo aliyepandia Tandika havushwi mpaka bila wazee wa upande wa pili kuarifiwa, na wazee wa upande wa pili yeye hawajui. Nilifurahi, kwa sababu nilishaanza kujiona nimekaa uhamiaji nikijaza sehemu ya idadi ya wasafiri.

Nikaenda Kinondoni kwa braza mmoja anayefundisha vijana kujipindua kwenye mchanga. Aliniuliza kama mteja wangu ana matatizo ya mgongo. Nikasema mteja wangu hana mgongo. Akasema basi itakuwa rahisi. Nikaona huyu hatufai.

Nikaenda Ukonga kwa fundi aliyetengeneza kiti ndani ya mapete mawili ya chuma, cha kuwazoesha watu wanaotaka kuwa marubani. Akasisitiza nikijaribu mwenyewe. Nilikuwa nimekula chapati za asubuhi. Sitaeleza zaidi. Nilipoweza kusimama nikamwuliza habari ya cheti, akakitoa ndani, kimewekewa fremu na kioo, cha kweli kabisa chenye muhuri: cha kuchomelea vyuma. Hata hivyo haikuwa haki yangu kuamua. Bi Rukaiya akavuka na pantoni, ngoma zikapigwa, pepo akapanda, nikamsomea taarifa yangu. Akaniuliza jambo moja tu, kile kiti kinaruka? Nikasema hakiruki. Pepo akashuka bila kuaga.

Nilichoka. Dukani wateja walishaanza kuniuliza habari za pepo kabla ya bei ya bati. Mchana mmoja nilimwuliza Najma, akiwa anafua, kama aliyesema ni yeye au ni huyo mwingine. Hakuinua kichwa. Alisema, "Kaka, nikikwambia ni mie, utaendelea kunitafutia?" Niliondoka nikaenda kupanga mabati ambayo yalikwisha kupangwa.

Kokuberwa ndiye aliyetuokoa. Alipiga simu, sijui kwa huruma au kwa kutaka nisirudi tena pale kwake, akasema ameulizia na kumpata mzee mmoja wa Boko, Kapteni Albano, mtu wa Songea, mstaafu. Ana ndege yake ya viti viwili kwenye kiwanja cha nyasi huko mbele, na kibali cha kufundisha sarakasi bado ni hai. Hafundishi kila mtu.

Nilimkuta Kapteni Albano uani kwake Boko akiwalisha kuku. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kugeuka. Alinionyesha kibali chake, nikakishika kwa mikono miwili, na nusura nikibusu. Ndipo akaniuliza kwa nini dada yangu anataka mafunzo hayo. Hapo ndipo nilipoharibu. Mimi mtu wa mabati sijui kuzunguka maneno. Nilimweleza ule upepo, mikono, mabegi, kisha nikamweleza ngoma, mbuzi, bembea, na ahadi.

Alisikiliza kwa makini sana. Hakucheka. Alipotupa punje za mwisho akaniuliza huyo pepo ana uzito gani. Nikasema sijui. Akasema ndege yake ina viti viwili, cha mwalimu na cha mwanafunzi, na kila kinachopanda lazima kijulikane uzito wake na pa kukaa. Nikamwambia wanakaa kiti kimoja. Akafikiri. Kisha akasema jambo lililonivunja nguvu: yeye hampandishi mtu aliyeletwa na mwingine, awe mume, bosi, au pepo. Amewahi kupanda na kijana aliyelazimishwa na baba yake, na walipokuwa kichwa chini kijana akauachia usukani na kufunika macho. Tangu siku hiyo humwuliza mwanafunzi mbele ya ndege ni nani anayetaka, na jibu lazima litoke kwa mwenyewe.

Fikiria sasa hali yangu. Mama anamruhusu pepo, hamruhusu Najma. Kapteni anamkubali Najma, hamkubali pepo. Wote wawili wana haki, wote wawili wazee, na mtu wa kuwaridhisha ni mmoja mwenye vumbi la mabati masikioni. Nikajiambia nitampeleka Najma peke yake, tutamalizana na Kapteni kimya kimya. Nilimsahau Bi Rukaiya. Pepo, alisema, hapelekwi kwenye haki yake kama anapelekwa polisi. Husindikizwa.

Kwa hiyo asubuhi ya Jumamosi tulikodi Noah mbili. Ya kwanza ilibeba Najma, mama, mimi na Bi Rukaiya. Ya pili ilibeba ngoma na wanawake wa sare ya kanga mpya, na Editha ambaye alisema anakuja kuomba kwa njia yake, hatamwingilia mtu. Njia nzima hadi Boko na kuipita waliimba. Najma alikaa dirishani, mikono chini ya mapaja. Niliiona suruali inavyotikisika. Pepo au si pepo, mdogo wangu alikuwa anaogopa, na nilimpenda siku ile kuliko siku yoyote.

Kapteni Albano alikuwa amesimama kando ya ndege yake, kavaa ovaroli, anafuta kioo. Ndege yenyewe ilikuwa ndogo mno, nyekundu, niliona ningeweza kuiezekea kwa mabati machache. Alituona tunashuka. Aliziona ngoma zinashuka. Akaona chetezo kinawashwa, akasogea haraka akasema kwa heshima zote moto hapana, hapa pana petroli. Bi Rukaiya akakizima bila ubishi. Watu wa kazi huelewana.

Kisha Kapteni akamtazama Najma, akamwuliza kile alichoniahidi kumwuliza.

"Mwanangu, nani anataka kupanda?"

Nilitazama chini. Najma alimtazama mama. Mama alikuwa hatua chache nyuma yake, mkoba mkononi. Najma akafungua mdomo, ikatoka ile sauti nzito ya uani.

"Sisi tunataka..."

Kapteni akalikunja tambara lake, akalitia mfukoni. Akasema amefurahi kutufahamu, na kama tunapenda mayai ya kienyeji anayo nyumbani. Akaanza kuifunika ndege turubai.

Sikujua nifanye nini. Nilitaka kumshika Kapteni mkono, nilitaka kumshika Najma mabega, nikabaki nimeshika ngoma ya mtu. Mikono ya Najma ilikuwa nje sasa, kila mtu anaiona inavyocheza. Akimjibu Kapteni kwa sauti yake mwenyewe, radhi hana. Asipomjibu, ni mabegi mpaka uzee.

Ndipo mama akasema, "Najma. Acha hiyo sauti, mjibu mzee."

Najma hakugeuka.

"Pepo gani anadai cheti, mwanangu? Mie wangu walitakaga kanga, wakataka udi, wakataka redio. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza muhuri. Nilikujua tangu siku ile ile." Akavuta pumzi. "Sikukupa radhi kwa sababu naogopa. Bado naogopa. Sasa mjibu."

Naeleza kidogo hapa, maana kichwa changu kilikuwa kinazunguka kuliko kule Ukonga. Mama alikuwa kiti tangu mimi sijaanza shule. Baba alikuwa mtu wa bandarini, mkali, mwenye kauli moja, na humo ndani hakuna aliyeomba kitu akapewa. Isipokuwa pepo. Pepo wa mama alipopanda, baba alivua kofia. Redio ya kwanza mtaani kwetu iliingia hivyo. Safari ya mama kwenda kumwona dada yake Kilwa, hivyo. Miaka yote hiyo, sikuwahi hata mara moja kumsikia mama, kwa mdomo wake, akisema anataka.

Najma akamsogelea Kapteni. Sauti ilitoka nyembamba, ya kwake. "Ni mie, Kapteni. Mie ndiye ninayetaka."

"Unaogopa?"

"Sana."

Kapteni akaliondoa turubai.

Nilimtazama Bi Rukaiya, nikitegemea ghadhabu. Watu wake walikuwa wamesimama na ngoma zao kwenye nyasi, wamevaa sare, kwa ajili ya pepo ambaye hayupo. Yeye alikuwa ametulia, anatandika mkeka wake akae. Akaniambia mimi sijui kazi yake. Yeye hakuja duniani kumjua aliyepanda ni nani, kazi yake ni kuuliza anataka nini mpaka jibu lipatikane, na kwa kadiri anavyoona limepatikana. Akawaambia watu wake wapige, wasiache ngoma zipoe. Wakapiga. Editha akafumba macho akaomba kwa nguvu zake zote, na makelele yakawa makubwa kiasi kwamba injini ilipowaka hatukuisikia.

Ndege ikakimbia kwenye nyasi, ikaacha ardhi, ikapanda mpaka ikawa kitu kidogo chekundu juu ya minazi. Ilipanda zaidi. Kisha ikainua pua, ikaendelea kuiinua pale ambapo akili inasema inatosha, ikalala chali. Kichwa chini, miguu juu. Wanawake wakaacha kuimba.

Mama alikuwa amesimama karibu nami, hakufumba macho. Nikamwuliza swali ambalo halikuwa na maana wakati ule, kama baba aliwahi kujua.

"Alijua," mama akasema, bado anatazama juu. "Mwanaume mkali vile angeanzia wapi kunipa kitu hivi hivi? Angeona haya. Kwa hiyo alimpa pepo. Na kila nikishamaliza kutaja nitakacho, aliinama karibu, akaniuliza, na kitu gani kingine unataka."

Huko juu ndege ikajiweka sawa, ikapiga nyingine. Nilimlilia baba yangu pale nyasini, kwa sauti, na sikujali nani ananiona. Siku ya mazishi yake sikulia hivyo.

Waliposhuka, Najma alitoka kwenye kile kiti, akatembea kidogo, akatapika. Kapteni alimsubiri amalize. Akatuambia mara ya kwanza alipindua yeye, mara ya pili alimwachia usukani mwanafunzi, na mwanafunzi aliipindua na kuirudisha mwenyewe, mikono ikitetemeka. Mikono itatulia au haitatulia, alisema, ndege haina habari, ndege inafuata kinachofanywa. Cheti bado. Kuna masomo mengi, kuna mtihani, na kuna kile kitendo cha kuzunguka kama pia ambacho hatakifanya na mtu aliyekula. Arudi Alhamisi kama anataka.

Mama akamfuta Najma mdomo kwa ncha ya kanga. Akamwuliza, polepole, kama mtu anayejaribu kutumia kitu cha mwenzake, "Na kitu gani kingine unataka?"

"Alhamisi nirudi. Na uje."

"Nitakuja. Radhi unayo, wewe mwenyewe."

Wakakumbatiana, wanawake wakashangilia, na mimi nikaanza kukusanya ngoma ili tuondoke kabla jua halijawa kali. Nilikuwa nimeinama nazifunga kamba, nasikia mtu kasimama juu yangu. Alikuwa mama.

"Na wewe, Mudathir? Unataka nini?"

Nina miaka arobaini na kitu. Nina duka, nina mke, nina watoto, nimeshapatana na pepo kwa niaba ya ukoo, na swali hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilitafuta jibu ndani yangu, kila chumba, nikakuta mabati. Wote walikuwa wananisubiri, hata Kapteni.

Nikasema nataka chai.

Bi Rukaiya akawaambia watu wake wasizifunge ngoma kwanza. Hilo ni la juu juu, akasema. Akanionyesha mkeka, akaniambia nikae.